Jina Walilomwita Milcah

Saada wa Pangani alikuwa na mwaka wa tisa akipiga pasi mashuka ya hoteli mjini Doha. Mcheshi, mtu wa swala tano, na bweni zima la wafanyakazi, mtaa wa Al Rayyan, likimpenda. Lakini mzaha wake nao wakati mwingine ulimponyoka.

Mwaka 2014 aliletwa Milcah, binti wa Kitale, Kenya. Mwezi mzima hakuanzisha neno. Akiambiwa kunja, anakunja. Zamu mbili, anapiga mbili.

"Jamani, huyu si mtu, msukule huyu!" Saada akatania. Jina likamganda msichana wa watu, naye akawa analiitika.

Jumatatu moja msimamizi akatangaza: "Huyo haongei na mtu. Asiponiambia mwenyewe kama anaitaka kazi, Alhamisi nampandisha ndege."

"Msukule anarudishwa shambani," akacheka Riziki, mpiga pasi mwenzao.

Mirlande, mama wa Kihaiti aliyekuwa akipanga taulo, akauliza kwa Kiarabu cha kuokoteza msukule ndiye nani. Saada akamweleza: mtu mnayedhani mmemzika, kumbe mchawi kamficha anamlimisha, anamlisha pumba.

Mirlande akaacha taulo. "Kwetu huyo ni zombi. Wazee wetu walitolewa Afrika kwa minyororo, wakalimishwa miwa hadi kufa. Faraja yao ilikuwa moja, kwamba mtu akifa roho yake inarudi kwao. Basi zombi ni yule ambaye hata kifo hakikumwacha huru. Hatumwogopi yeye, Saada. Tunaogopa kuwa yeye. Jina hilo hatumpi mtu aliye hai."

Saada akaisahau pasi mkononi, mpaka foronya ikanuka kuungua.

Jioni ile, hata baibui hajavua, akaenda kuketi kitandani kwa Milcah. Angeweza kunyamaza yakapita. Hakunyamaza.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikupa jina baya."

"Gani, mum?"

"Msukule."

"Aki, si ni mtu wa skuli?" Milcah akashangaa. "Nilidhani mnaniita msomi. Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja nimalize chuo cha unesi. Nikasema, angalau hawa wananijua."

Saada akamweleza maana yake yote, bila kuipunguza. Milcah akainama, machozi yakimdondoka.

"Basi hamkukosea. Mathe, mama yangu, alikufa wiki niliyofika huku. Sikumzika. Tangu hapo hata sijui kama niko."

"Uko," Saada akasema, akimshika mkono. "Unalia, uko."

Alhamisi msimamizi akamgeukia Saada: "Mwenzako anasemaje?"

"Muulize yeye. Anaitwa Milcah."

Mashine zikanguruma. Saada akaomba dua moyoni, ulimi akiuzuia.

"Naitaka kazi," Milcah akasema hatimaye. "Lakini zamu moja."

Msimamizi akakuna kidevu. "Moja na nusu."

"Moja," Milcah akajibu, akachukua shuka lililofuata.