Kompyuta Ilinisema Mbele ya Mama Mkwe

Kompyuta yangu ilinisema mbele ya mama mkwe. Siongei kwa mafumbo. Ilitoa sauti ikanisema.

Ilikuwa mchana, tuko sebuleni. Mama anakunja nguo za mwanangu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anapaka kucha rangi. Mimi namalizia zoezi la darasa la jioni: eleza kazi za mfumo endeshi, ile programu mama inayoendesha kompyuta nzima.

Nimeandika kwa madaha: hutunza mafaili, hufungua programu, husubiri amri ya mwenye mashine.

Mara sauti ya kike ikatoka, tulivu kama ya msoma taarifa ya habari.

"Ujumbe kutoka kwa Mama Mwenye Nyumba. Chumba cha kupanga kipo. Njoo na mumeo mchukue funguo."

Mama akaacha kukunja.

Kumbe asubuhi mashine ilijisasisha bila ruhusa, ikajipa na kazi ya kusoma meseji.

Na nyumba nzima tunachajia simu kwenye kompyuta yangu, maana soketi ya sebuleni ilishakufa. Ukichomeka tu inauliza, "Unaiamini simu hii?" Tunabonyeza ndiyo ili itupishe.

Saa hiyo zilikuwa zimechomekwa simu yangu na ya wifi.

"Chumba cha nani?" mama akauliza.

Nilikuwa nasubiri mume wangu arudi safari tumwambie pamoja, kwa adabu. Nilitaka tu mahali ambapo mwanangu akilia hakuna anayegonga ukuta.

"Chetu, mama."

"Eti chetu," wifi akadakia. "Mama, si nilikwambia? Hilo darasa ndilo linampa kiburi. Umemlelea mtoto, leo anakuona takataka."

"Wifi, sijasema hivyo."

"Utasemaje, na mashine imeshakusemea? Unamtenga kaka yangu na mama yake. Nyoka wewe."

Mama machozi yakamlenga. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nikawa nabonyeza hovyo, natafuta pa kuinyamazisha ile sauti.

Haikunyamaza.

"Ujumbe kutoka kwa Fundi Vioo. Dada, vipimo vya chumba cha kaka yako ninavyo. Ukishafanikiwa kuwatoa, niambie nije nifunge vioo vya saluni."

Brashi ikaganda kwenye kidole cha wifi.

"Chumba kimepimwa nikiwa wapi?" mama akauliza taratibu.

"Mama, hiyo mashine inaongopa."

"Ya mwenzio kweli, yako ndiyo uongo?"

Wifi akachomoa simu yake, akatoka na kucha mbichi.

Mama akanigeukia. "Nenda kachukue funguo. Mtoto utaniletea mchana. Na hapa saluni haifunguliwi, labda nife."

Nikiwasimulia watu, wananiambia niishukuru mashine.

Siishukuru ng'o. Haikunitetea, haijui hata haki ni nini. Ilikuwa inaropoka tu, zamu ya wifi ikafika. Kesho itasoma majibu ya hospitali ya mtu mbele ya wageni, kwa sauti ile ile ya upole.

Mfumo ufungue ninachofungua, utunze ninachotunza. Ukitaka zaidi ya hapo, uniombe, na nikikataa ukubali.

Mama mkwe wangu alistahili kusikia habari ile kutoka kwangu, nimekaa karibu yake, nimemshika mkono. Nafasi hiyo siipati tena.