Ngoma Haishushwi

Mwalimu wa kwaya ya Ulyankulu nilimwamkia shikamoo, yeye akatazama spika.

"Marahaba utaipata tukishasikia," akasema, akakaa kwenye kiti changu.

Kiti kilikuwa hicho kimoja tu. Studio yangu ni chumba cha nyuma ya duka la mchele pale Gongoni, ukutani trei za mayai za kuzuia kelele, na fundi ndiye mimi, niliyeishia kidato cha pili kwa sababu mimi na hesabu tulikuwa hatusalimiani.

Kwaya hii ndiyo pekee iliyokuwa imenibakia. Zingine zote zilishahamia kwa jamaa mwenye studio kule stesheni. Na mwalimu alishanipa onyo kwenye simu: nikiharibu wimbo wa jubilei ya parokia, nao wanahama.

Alitaka tarumbeta. Siyo zile za harusi, alitaka za okestra, kama kwenye filamu za vita. Ninazo kwenye kompyuta: Wazungu walipuliza noti mojamoja wakazirekodi, mimi nabonyeza kinanda zinalia. Shida ni kwamba nilichagua zile walizopuliza kama mtu anapooza uji. Ngoma za Ulyankulu zikiingia, tarumbeta huzisikii. Niliziongeza sauti, ukawa uji mwingi. Basi nikashusha ngoma. Nikajiona msomi.

Nikawapigia wimbo. Mama mwenyekiti wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni anatikisa kichwa kwa raha. Ghafla akaacha.

"Ngoma imeenda wapi?"

"Ipo, mama. Nimeishusha kidogo tu ili..."

"Umeishusha?" Mwalimu akageuka. "Babu yangu alitoka Burundi bila hata sufuria, ngoma akaibeba. Wewe na kidole chako unaishusha? Kwetu ngoma haishushwi!"

Wakaanza kusema Kirundi. Sikijui, lakini tusi halina haja ya mkalimani. Kila likitajwa neno "fundi", mama alicheka.

"Mwalimu, nipe muda nirekebishe."

"Gari letu linaondoka saa nane. Tukipanda bila wimbo, usitupigie simu tena."

Ngoma nikairudisha ilipokuwa. Nikasikiliza nimeinama, mgongo unauma, kwa sababu kiti kakalia yeye na hana mpango wa kuinuka. Hapo ndipo akili ikanijia. Ngoma imekaa chini kabisa, kwenye sauti nene, na tarumbeta zangu zimenenepa hukohuko chini, zinagombania kiti kimoja. Anayeshindwa ni yule mpole.

Nikazikata tumbo tarumbeta, ile sauti nene ya chini nikaitoa yote. Halafu nikaacha zile za kupooza uji, nikachukua zile walizopuliza kwa hasira, mashavu yamejaa. Nikazikwaruza kidogo, kama redio iliyofunguliwa hadi mwisho, nikaweka mwangwi mdogo. Mwisho nikazipunguza sauti.

"Na hizo unazipunguza?" mama akauliza.

"Ili zipate nguvu, mama."

"Huyu kachanganyikiwa. Mwalimu, twende zetu stesheni."

"Subiri," mwalimu akasema. "Akosee mara ya mwisho, tuondoke na ushahidi."

Nikabonyeza. Ngoma ikapiga, kifua kikatetemeka. Tarumbeta zikapita juu yake, kali, kama bati linalochanwa. Trei moja ya mayai ikabanduka ukutani ikanipiga kichwani. Mama akaanza kupiga makofi, akakumbuka amekasirika, akakunja mikono.

"Rudia," mwalimu akasema.

Nikarudia. Alinyoosha mkono nimpe flashi, akaitia mfukoni, akainuka. Kiti kikalia kwa kushukuru.

Nikajaribu bahati yangu. "Shikamoo, Mwalimu."

Alishafika mlangoni. Jibu akalitoa kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Marahaba. Wimbo wa Pasaka tutakuletea wewe. Na ununue kiti kingine, mama kasimama kutwa nzima."