Nyumba Tuliyoiita Mkosi

Sisi tuliokulia Magamba, juu ya Lushoto, miaka ile Uhuru ungali mbichi, tuliujua ukungu kabla hatujajua kusoma. Ulishuka alasiri kutoka msituni, ukameza misonobari, kisha mashamba ya kabichi, kisha sisi wenyewe na rede yetu. Uko katikati unakwepa mpira wa matambara, ghafla humwoni anayekurushia, unasikia tu kicheko chake. Wajukuu zangu umeme ukikatika kidogo wanapiga mayowe. Sisi tulicheza na wenzetu tusiowaona.

Shuleni tulikwenda pekupeku, viazi vya kuchoma vimejaa mifukoni vikitupasha moto mapaja njia nzima. Tukifika tunaimba nyimbo za kujitegemea huku meno yanagongana, saa ya mapumziko tunavila vikiwa vimepoa. Hakuna aliyelalamika, maana hatukujua kwamba kuna mahali watu hawasikii baridi.

Baba alikuwa mfanyakazi wa misitu, na kazi hiyo ndiyo iliyotupatia nyumba. Ilikuwa ya mawe, ina dohani, na nyuma yake mipeasi iliyokwisha kuzeeka. Alikuwa akiishi humo mama mmoja wa Kizungu, mjane, aliyeondoka baada ya Uhuru. Wengine walisema hakuondoka, kwa sababu hakuna aliyemwona akipanda gari. Juu ya mlango palikuwa na ubao uliochongwa herufi nne: COSY. Watu wetu, ambao wengi ndiyo kwanza walikuwa wamejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, waliusoma kama ulivyo. Kosi. Na kutoka kosi kufika mkosi si mwendo. Ikawa Nyumba ya Mkosi, na watu wakiipita wanaongeza hatua.

Mama alikuwa mjamzito, na kabla ya hapo alikwishazika watoto wachanga. Hakutaka kuhamia. Baba alimbembeleza sana, mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba chumba chenye dohani kifungwe. Baba akapigilia mbao madirishani kwa ndani, akafunga mlango, ufunguo akautundika msumarini. Tukawa tunaishi vyumba vya nyuma na kupikia kwenye kibanda cha nje.

Sisi watoto ndio tuliogundua habari ya ukuta. Alasiri ukungu ukishashuka, ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumba kile, ulikuwa na joto. Si joto la kuunguza, ni lile la mahali alipotoka kuinuka mtu. Nilimwambia Baba, akasema mawe hunywa jua. Lakini wiki hiyo jua hatukuliona. Mama aliposikia, alitukataza kuugusa, na tangu siku hiyo akawa anapita uani badala ya ukumbini.

Kipupwe kikaja, Baba akiwa kazini ndani ya msitu. Mchana mmoja wa mvua nyembamba Mama akashikwa na uchungu kabla ya mwezi wake. Bibi, mamake Baba, tuliyekuwa tukiishi naye, ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kike, mdogo mno, analia kama paka aliyefungiwa mbali. Bibi alimfunga kanga, akamweka kifuani pake, akaniambia nikawashe moto. Kuni za kibandani zilikuwa zimelowa, zikatoa moshi mtupu. Niliporudi midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau.

"Saumu," Bibi akaniambia, "lete ule ufunguo."

Mama alijaribu kuinuka kitandani. "Mama, nakuomba. Msimwingize mwanangu kwenye mkosi."

Bibi hakupandisha sauti. "Mkosi uko huku, mwanangu. Huku ndiko anakokufa."

Nilifungua mlango nikitegemea utando wa buibui na harufu ya uvundo. Badala yake nilipokewa na joto. Kiti cha henzerani kilikuwa kimeelekezwa kwenye meko ya ukutani, na pembeni palikuwa na kuni kavu zilizopangwa vizuri. Moto haukuwepo. Bibi alipeleka kiganja juu ya majivu, akakirudisha taratibu.

"Ahsante, mama," akasema, kwa sauti ya kumwambia mtu aliyeketi. Halafu akapiga bismillahi, akakaa chini sakafuni na mtoto. Kiti hakukigusa. Nilipowasha zile kuni zilishika mara moja, na kabla moto haujakolea, mdogo wangu alilia kilio cha mtoto mwenye afya.

Baba aliporudi alizikagua mbao za madirishani moja moja. Zote zilikuwa kama alivyozipigilia. Aliung'oa ubao wa mlangoni ili auchome, kama Mama alivyokuwa akitaka siku zote, ila kwanza akaupeleka kwa Mwalimu Hiza, aliyetufundisha Kiingereza. Mwalimu alikuja nao nyumbani mwenyewe, tukamwamkia shikamoo, akaketi kutueleza. Alisema hutamkwa kozi, na hajui neno moja la Kiswahili la kulibeba. Halisemwi kwa jumba la fahari. Husemwa kwa chumba kidogo, kwa blanketi, kwa pembe ya karibu na moto wakati nje kuna baridi, umeshiba, na hakuna wa kukuinua.

Mama alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akauliza, "Na yule mama alikuwa akikaa humo peke yake?"

Mwalimu akasema anavyojua, ndiyo. Mama akamgeukia Baba, akamwambia aurudishe ubao pale alipoutoa.

Chumba kile kikawa chetu. Humo tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mboga, humo Bibi alitusimulia hadithi, na mdogo wangu akaota meno. Lakini kila alasiri, kabla ya kuingia, Mama alisimama mlangoni akapiga hodi. Alingoja. Ndani kile kiti cha henzerani kililia kidogo, kama mtu anayesogea kukupisha, ndipo tulipoingia. Tulizoea hata tukaacha kuogopa. Baba alipohamishiwa Mlalo, Mama aliaga chumbani peke yake, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Siku hizi wajukuu wanaingia ndani masikio yamezibwa kwa visikilizio vya simu, hawamsalimu hata bibi yao aliye mbele yao. Naishi Tanga mjini, kwenye nyumba yangu mwenyewe, yenye marumaru na feni kila chumba. Nikirudi sokoni jioni, wote wakiwa hawapo, hupiga hodi mlangoni pangu, nikangoja kidogo. Hakuna kitu. Feni inazunguka tu, nami naingia.