Samaki Aliyekataliwa na Miji Miwili

Daktari alimwambia Arlys Brekke kwamba magoti yake yamechoka, akamshauri afanye mazoezi ndani ya maji. Arlys alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amestaafu upishi wa shule ya Nordby baada ya miaka thelathini na moja ya kukoroga masufuria yanayotosha kuogea mtoto, na akishauriwa jambo hakuwa mtu wa kulifanya nusunusu. Wenzake walioshauriwa hivyo hivyo walikwenda kwenye bwawa la hospitali, wakavaa kofia za maua, wakawa wanazunguka majini taratibu huku wakisengenya. Arlys alijiandikisha darasa la kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa.

Darasa lilikuwa mjini, mwendo wa saa moja kwa gari. Wanafunzi wenzake wote walikuwa wanajiandaa kwenda visiwa vya joto kutazama matumbawe. Mwalimu akamwuliza yeye anakwenda kisiwa gani.

"Siendi kisiwani. Nataka kuzamia Ziwa Sorrel, kwetu."

"Huko kuna nini cha kuona, mama?"

"Sijui. Nimezaliwa pale, nimeogelea pale, kila majira ya baridi nimetembea juu ya barafu yake. Hakuna aliyewahi kuniambia chini kuna nini."

Hilo halikuwa kweli kabisa. Tangu utotoni alikuwa ameambiwa kwamba mbele kidogo ya jukwaa la mbao la waogeleaji kuna Shimo la Mchungaji, ambalo halina mwisho. Mchungaji mmoja wa zamani alitumbukia humo na farasi na kijisleji chake, kigari cha kuteleza barafuni, akienda kubatiza mtoto, na kamba zote za Nordby zilizofungwa pamoja hazikugusa chini. Kina mama walilitumia shimo hilo kulea watoto, na lilifanya kazi vizuri kuliko kiboko.

Tatizo lilikuwa moja. Mpiga mbizi haendi peke yake, na katika Nordby yenye watu mia nane hakupatikana wa kumsindikiza. Mtu pekee mwenye cheti pande zile alikuwa Kaz Wrobel, mgawa barua mstaafu, mjane, mwenye masharubu mapana kama ufagio. Lakini Kaz alikuwa mtu wa Kosmin, ng'ambo ya ziwa.

Nordby ni ya wajukuu wa Wanorwe, Kosmin ni ya wajukuu wa Wapolandi, na wakati wa babu zao ugomvi ulikuwa wa dini na mipaka ya mashamba. Siku hizi ugomvi ulikuwa wa samaki. Kila mwezi wa pili miji hiyo miwili ilishindana kuvua kwenye barafu, na mshindi alikaa na samaki wa shaba aliyechongwa majina ya mabingwa ubavuni. Mwaka 1981 alikuwa mikononi mwa Nordby, amewekwa kwenye kabati la kikosi cha zimamoto. Asubuhi moja ya mwezi wa tano kabati lilikutwa tupu. Kufikia saa nne wanaume wa Nordby walikuwa wameshafika Kosmin, na kufikia saa tano meno yalikuwa yameshang'oka pande zote mbili.

Kosmin kwanza walikana. Baadaye, walipoona kukana hakuwapi heshima yoyote, wakaanza kujisifu. Kila mzee wa kule alikuwa na binamu aliyeshiriki wizi ule. Nordby nao wakaanzisha Siku ya Samaki Aliyeibwa, yenye bendi, soseji, fulana na mashindano ya kutupa barua za Kosmin ndani ya pipa. Watalii wakaanza kuja. Kwenye fulana samaki alizidi kunenepa kila mwaka, hadi akawa na ukubwa wa ndama.

"Utanizamisha?" Arlys alimwuliza Kaz kwenye simu.

"Ninyi ndio mna desturi ya kuzamisha wachungaji," alijibu Kaz. "Njoo Jumamosi, bibie. Lete sabuni ya vyombo."

Sabuni ilikuwa ya kuvalia suti ya mpira. Ilimchukua Arlys nusu saa kuingia ndani yake, Kaz akivuta zipu ya mgongoni huku ameangalia miti kwa adabu. Kisha wakarudi nyuma kinyumenyume hadi maji yakawafika kifuani, wakazama.

Juu maji yalikuwa ya vuguvugu na ya kijani, mazito kama supu ya njegere. Kwenye futi kumi na tano baridi ikaja ghafla, kama mtu aliyefungua friza, na papo hapo maji yakawa maangavu. Arlys akaning'inia pale bila uzito. Magoti hayakumuuma, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Akacheka ndani ya kipumulio, maji yakamwingia puani, Kaz akamshika mkono mpaka akatulia. Akaona mnyororo wa jukwaa alilokuwa akirukia utotoni, umeota mwani laini, na juu yake miguu ya watoto ikipiga maji kwenye mwanga. Miaka sitini na mitatu aliyaona maji yale kwa juu tu. Hakutarajia kwamba yangemfanya ajisikie mgeni nyumbani kwao, na wakati huohuo asitamani kutoka.

Halafu wakashuka kwenye Shimo la Mchungaji. Lilikuwa na kina cha futi thelathini na nane. Chini palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, kimesimama wima, kimegeukia ufukweni.

Ijumaa iliyofuata Arlys alilisema hilo kwenye baa ya Gordy Stensrud, ambako mji mzima hukutana kula samaki wa kukaanga na viazi. Gordy ndiye mwenye baa, ndiye mwenye gati la maboti mbele ya baa, na ndiye mwenyekiti wa kijiji.

"Futi thelathini na nane?" alisema mzee mmoja, uma ukiwa hewani. "Mita yako ya kina mbovu."

"Mita mbili, yangu na ya Kaz. Zote zilisema hivyo."

"Ya Kaz ni ya Kosmin."

Meza zikakubaliana kwamba huo ndio ufafanuzi. Hakuna aliyemchukia Arlys. Nusu ya waliokuwa pale aliwapakulia chakula tangu wana miaka sita. Waliona tu kwamba mtu mzima angekuwa na busara ya kutofika chini.

Alijisafisha jina haraka, maana alianza kurudisha vitu. Miwani, nanga, kikaango, fimbo za kuvulia kumi na moja. Alimrudishia Verlyn fundi bomba meno ya bandia aliyoyatapika ziwani mwaka wa harusi ya dada yake. Verlyn akayasuuza, akayavaa palepale, akasema yanabana kidogo. Gazeti la wilaya likamwandika. Gordy akamkabidhi cheti chenye muhuri wa kijiji na kumwita hazina.

Katikati ya mwezi wa nane, siku tisa kabla ya sherehe, Arlys na Kaz walikuwa wanapekua tope karibu na gati la Gordy, kwenye futi ishirini na mbili. Arlys aligusa kitu kigumu chenye mapezi. Alikivuta, tope likatimka, wakasubiri litulie. Alikuwa samaki wa shaba, mkubwa kama mkate wa kawaida, wala si zaidi. Ubavuni, chini ya utando wa kijani, bingwa wa mwisho alisomeka vizuri: H. Stensrud, 1981. Huyo alikuwa baba yake Gordy.

Walipoibuka Kaz alitoa kipumulio, akamgeuza samaki mikononi.

"Mjomba wangu alipoteza meno mawili kwa ajili ya hiki," alisema.

Halmashauri iliketi jioni hiyo kwenye ukumbi wa zimamoto. Arlys aliweka samaki mezani juu ya taulo. Lavonne, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alimzunguka mara mbili.

"Wetu alikuwa mkubwa," alisema.

"Kabati lake lile pale," alisema Arlys. "Mpime."

"Kabati lilisinyaa. Ile ni mbao ya mwaloni, inasinyaa."

"Na majina?"

"Kosmin wana mafundi wa kuchonga," alisema Gordy. Hakuwa amekaa tangu taulo lifunguliwe. "Swali ni moja, dada Arlys. Ulikuwa na nani huko chini?"

Wote wakamgeukia kwa huruma. Kura zikapigwa: samaki ni wa kughushi, kaletwa kuharibu sherehe, na Bi. Brekke ametumiwa bila kujua. Fulana mia nne zilikuwa zimeshachapishwa.

Arlys hakulala na hasira. Alimfunga samaki kwenye taulo, na kesho yake mchana akavuka kwenda Kosmin. Aliona kwamba kama wenyewe hawamtaki, basi waliosingiziwa watafurahi kusafishwa jina. Kwenye baa ya Kosmin aliwakuta wazee watatu wakicheza karata. Alieleza yote. Hawakumgusa samaki.

"Mama, umepotoshwa," alisema wa katikati, aliyeitwa Stas. "Samaki tunaye sisi. Yuko kwenye ghala langu tangu themanini na moja."

"Ningependa kumwona."

"Haonyeshwi."

"Hata kidogo?"

"Wajukuu wangu wamekua wakijua babu yao aliiba samaki wa Nordby," alisema Stas, akishusha sauti. "Unataka niwaambie babu yao hakuiba kitu? Mchukue huyo. Tafadhali, kwa heshima."

Kaz, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka mpaka masharubu yakalowa. Arlys hakucheka. Alirudi nyumbani, na kwa kuwa mlango wa jikoni ulikuwa na tabia ya kujifunga, akamweka samaki auzuie.

Hapo ndipo Gordy alipomkuta, siku tatu baadaye, asubuhi, kahawa ikiwa jikoni. Alikaa bila kukaribishwa, akamtazama samaki sakafuni.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja," alisema. "Nilimchukua nikamwonyeshe Darlene kwenye boti. Nilimwinua juu hivi. Alikuwa na mafuta, Arlys, wazimamoto walikuwa wanampaka mafuta."

"Ukanyamaza."

"Nilipanga kusema asubuhi. Nilipoamka wameshakwenda Kosmin. Jioni baba kahutubia, kalia. Ungesema wewe?"

Arlys alimmiminia kahawa. Alimjua tangu alipokuwa kijana mnene anayeogopa radi.

"Unataka nini, Gordy?"

"Mrudishe. Palepale. Nakuomba."

"Mimi nimeshasema nilichokiona, mbele ya halmashauri, wewe mwenyewe ukapiga kura ya kunipinga. Kilichobaki ni chako. Ukitaka kusema, sema."

Gordy alikunywa kahawa yote. Alipotoka aliruka samaki kwa uangalifu, kama mtu anayemruka mbwa aliyelala.

Siku ya sherehe, baada ya bendi na kabla ya bahati nasibu ya jibini, alipanda jukwaani na kuchukua kipaza sauti. Alisema kila kitu: boti, Darlene, mafuta, meno ya watu, hotuba ya baba yake. Alisema anaiomba radhi Nordby, na Kosmin, na dada Arlys. Machozi yakamtoka kweli.

Kisha Verlyn akaanza kucheka. Wakafuata wengine, wakasimama, wakapiga makofi. Lavonne alikuwa amejishika mbavu. Kila mwaka kuna mchezo wa kuigiza kuhusu wizi ule, na wote walikubaliana haujawahi kuchezwa vizuri namna hiyo. Gordy aliendelea kusema "Ni kweli, jamani, ni kweli," na kila aliposema walizidi kuanguka kwa kicheko. Darlene, mkewe kwa miaka arobaini, hakucheka, lakini alikaa mstari wa nyuma, na hakuna aliyemwona.

Walimpa zawadi ya kwanza. Kamati ilipokutana kupanga ya mwaka ujao, iliandika kwenye ratiba, saa nane mchana: Maungamo ya Gordy. Lavonne alimshauri safari ijayo achelewe kidogo kulia, watu wa nyuma wapate kusogea.

Arlys hakuwa kwenye sherehe. Maji ya mwisho wa mwezi wa nane ndiyo maangavu kuliko yote, na yeye na Kaz walikuwa upande wa Kosmin, chini ya gati la kanisa, ambako hakuna aliyewahi kupekua. Walitoka jua likielekea magharibi. Kaz alimsaidia kuvua mtungi, akamwuliza kama kuna jambo ameliona.

"Mengi," alisema Arlys, akikamua nywele. "Na safari hii simwambii mtu. Nipe hiyo sandwichi."