Wezi wa Maji ya Ruvu

Juma lililopita nililetewa habari kutoka Kwala kwamba yule mama niliyekuwa naye kwenye kamati ya kilimo ya kijiji, enzi za Ujamaa, ametutoka. Nimesikitika sana. Nimecheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu siwezi kumkumbuka yeye bila kujikumbuka mimi nikiwa na viatu vya kuazima na hotuba mfukoni.

Mwaka mmoja wa enzi hizo mto Ruvu ulinywea hata mpunga wa shamba la kijiji ukaanza kunyauka, na hatukuwa na chakula kingine cha kutegemea. Kamati ikaniuliza mimi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima na mjuzi wa kila jambo. Nikatangaza bila kupepesa macho kwamba maji yanaibwa na wenzetu wa juu ya mto. Ndugu msomaji, mto niliuona kama bomba: maji yakipungua, kuna mtu amelifunga. Nilipigiwa makofi, na vijana wakaenda kuchukua mapanga wakabomoe mabanio ambayo wezi wamezuilia maji. Mama yule akasimama. "Jamani, twende kwanza tukawaone. Ugomvi haukimbii."

Tukatumwa sisi wawili. Tulipanda treni, kisha tukatembea mpaka viatu vikanitoa malengelenge. Kule tukakuta mto ni mchanga mtupu, wanawake wanachota maji kwa kata kwenye vishimo, na kijiji kizima, Waislamu kwa Wakristo, kimekusanyika kuomba mvua. Mzee wao akatuuliza tumekuja na neno gani. Nikatia mkono mfukoni kutoa hotuba yangu ya wezi, lakini mwenzangu akaniwahi.

"Shikamoo, baba. Tumekuja kuomba nanyi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali mmekuja. Sisi tulikuwa tunajiandaa kuwafuata huko pwani. Tumeambiwa mmetufungia mvua."

Katika dua ya siku hiyo hakuna aliyeinamisha kichwa zaidi kuliko mimi.

Baadaye waliosomea mambo haya walinieleza kwamba mito ya dunia nzima hujaa na kupungua kwa kufuata mvua na joto la miaka mingi, ingawa binadamu naye ana mkono wake. Kwa hiyo, kabla hujamwita jirani mwizi, itazame mbingu inayowafunika nyote wawili.

Nilikwenda kumzika mama yule. Makaburini watu wakalalamika kwamba Ruvu imepungua tena. Nami, mvi kichwa kizima, nikaanza, "Hawa watu wa juu ya mto..." Nikageuka kumtafuta wa kunikatiza. Ndiye tuliyekuwa tumetoka kumfukia.