Lori la Tumbaku na Mguu Wangu

Ndugu zangu, mmeniomba niseme. Nitasema kwa kifupi, maana kusimama bado kunanichosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikaa mtaa wa Mjimwema nikifundisha mtaa wa Msamala, na kila asubuhi nilikwenda kwa baiskeli. Wanawake wa baiskeli tulikuwa wachache, lakini nilikuwa na nguvu na sikujua kuumwa. Kisha biashara zikaachiwa huru. Watu binafsi wakanunua malori, vibanda vya mitumba vikasogea mpaka ukingo wa lami. Sisi wa miguu na wa baiskeli tukakosa pa kupita.

Siku hiyo nilikwepa rundo la nguo, nikaingia barabarani. Nyuma yangu lilikuja lori la tumbaku kutoka Namtumbo. Nilisikia honi, basi. Nilipozinduka mdomo ulikuwa umejaa mchanga, na mfupa wa paja ulikuwa umetoboa nyama. Dereva alinibeba mwenyewe kunipeleka hospitali, akilia njia nzima.

Waliufunga mguu kamba, wakaning'iniza vyuma ili mfupa unyooke. Nililala chali miezi mingi. Mgongo ulitoka vidonda. Kidonda cha paja kikaoza; harufu yangu mwenyewe ilinifanya nione aibu wageni wakisogea. Daktari, mtu mpole, alisema kisipokauka mguu utakatwa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwambia mama waukate tu, nipumzike.

Mama alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda changu. Hakunibembeleza. Alisema, "Mwanangu, na mimi nimechoka. Tuchoke wote, lakini uji utakunywa."

Nikanywa. Kesho yake nikanywa tena. Kidonda kikaanza kukauka, polepole mno.

Mguu ulibaki mfupi. Magongo yalinichubua kwapa. Siku ya kwanza kurudi barabarani lori lilipiga honi, nikajikojolea mbele ya wanafunzi wangu. Nikarudi nyumbani, nikasema sitoki tena. Nilikaa ndani mpaka nilipochoka na kukaa kwenyewe, ndipo nikajikokota hadi mkutano wa mtaa.

Nilisimama nikasema, "Pole zenu nimezipokea. Sasa naomba pa kupita."

Wenye vibanda walinung'unika, wakauliza wao waende wapi. Asubuhi iliyofuata tukamkuta Mama Sikudhani, mwenye lile rundo nililolikwepa, anang'oa nguzo za kibanda chake, akakirudisha nyuma. Wengine wakaona haya, wakafuata. Tukafanya msaragambo, mtaa mzima kazi ya pamoja, tukachimba njia kati ya vibanda na lami, tukapanga mawe na kuyapaka chokaa. Sasa watoto wanapita humo kwenda shule.

Nisiwadanganye kwamba yamekwisha. Njia haijafika Msamala. Vibanda husogea tena, nasi husema tena. Inachosha.

Namshukuru Mungu, mama yangu, na wauguzi walionigeuza kitandani bila kuziba pua. Wewe uliyelala na kidonda, usiamue habari ya mwili wako siku uliyochoka. Wewe dereva, punguza mwendo unapoona watu. Na sisi wa mitaani tuombe njia kabla mwingine hajavunjika.

Mvua ya wiki hii imekula kipande cha njia yetu karibu na kalvati. Jumamosi tunachimba. Mwenye jembe aje nalo. Mimi nitakuja na stuli, nipange mawe nikiwa nimekaa.