Shimo Chini ya Nyumba ya Stimu

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Mwene, mtawala wetu wa jadi, alisimama mbele ya nyumba ya mashine akamkabidhi Amosi Silwimba funguo, nami nikapiga makofi pamoja na wengine huku macho yangu yakizifuata zile funguo.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Mimi na Amosi tulitoka Ihanda tukiwa vijana, tukateremka bonde la Songwe kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Sote tuliwekwa nyumba ya mashine, mahali injini mbili kubwa zilipotoa stimu, yaani umeme, ya mgodi mzima. Miaka tisa tulipaka grisi, tukafuta oili, tukala chungu kimoja. Kisha dhahabu ikapungua, wenye mgodi wakafunga, na stimu ikazimwa. Tulikuwa tumezoea ngurumo. Ukimya wa siku ile ulituuma masikio. Injini zikapakiwa kwenye lori kwenda Mbeya, Amosi akapanda nazo kuzilinda. Mimi nikabaki kuziba mashimo. Shimo la oili lilikuwa na kina cha kunizidi kimo. Nyampara alikuwa na haraka, basi tukalifunika kwa mbao na kupaka saruji nyembamba juu yake.

Jengo likakaa bure miaka miwili, popo wakalirithi. Ndipo wazee wakaomba ligeuzwe zahanati, maana wake zetu walikuwa wakijifungulia njiani. Serikali ikakubali. Nilijua msimamizi nitakuwa mimi. Akawekwa Amosi, aliyekuwa amekwisha kurudi kutoka Mbeya.

Mwanangu, wahenga walisema hasidi hana sababu. Nilichukia alivyotembea na futi yake ya kupimia mfukoni. Nilichukia watu walivyomwita Fundi, wakati mimi waliniita kwa jina la baba yangu tu. Mkewe akiniletea ugali wa ulezi, niliuona wa kunisimanga, ingawa niliula wote. Nilifanya kazi chini yake nikihesabu makosa yake. Siku alipochora mahali pa kuweka tangi la maji, alichora juu ya lile shimo, akidhani tulilijaza mawe.

"Kaka, hapa panafaa?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Wewe ndiye fundi."

Sikutaka aumie, nakuapia. Nilitaka sakafu ipasuke mbele ya mwene, aaibike. Lakini wivu haukuulizi unataka madhara kiasi gani. Walipolisukuma tangi, mwene akitazama, Amosi alikuwa mbele akivuta kamba. Sakafu ikalia kama mti unaovunjika, akazama, na tangi likamfuata. Nilikuwa wa kwanza kuruka shimoni. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepondeka.

Walipokuwa wakimbeba kwa machela, alimshika mwene mkono akasema, "Kazi mpeni huyu. Anaijua nyumba hii kuliko mimi."

Basi nikapata nilichokitamani. Wiki tatu nilitembea na zile funguo. Hatimaye nikaenda hospitali ya misheni alikolazwa, nikamweleza yote. Aliutazama mguu wake uliofungwa vibao.

"Ungesema tu," akaniambia. "Kazi ile niliiogopa. Kila asubuhi nilikuwa nakutazama wewe usoni, nijue kama nimekosea."

Halafu akaniomba nitoke. Ilipita masika nzima kabla hajaniita tena kaka.

Zahanati tuliimaliza. Nililijaza shimo mawe kwa mikono yangu, na mbele ya mwene nikataja ni nani aliyenyamaza. Wengine waliacha kunisalimia, nao walikuwa na haki. Amosi alitembea kwa fimbo mpaka alipofariki, na shamba lake la ulezi nililima mimi kila mwaka. Watoto wengi wa bonde lile walizaliwa katika nyumba ile, wake na wangu wakiwemo.

Mwanangu, wivu utakujia. Sijaona mtu aliyezaliwa bila huo. Ukikujia, usikae nao kimya. Mwendee yule unayemwonea wivu, ushiriki kazi yake kwa neno la kweli, kabla chuki haijakufunga mdomo. Ukimwona anaelekea kwenye hatari, mwambie, hata kama siku hiyo humpendi. Unayemhusudu huenda anakutegemea wewe.

Mungu akupe moyo wa kufurahi mwenzako anapoitwa mbele. Akupe na ndugu wa kukwambia ukweli ungali na miguu yote miwili. Nenda salama, uzao wako ubarikiwe.